Kaseti Zisizo na Majina

Mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kila ninapofungua duka hili hapa mtaani Bigo. Nilikuwa kijana, nimerudi karibuni kutoka Kampala na diploma ya kompyuta. Diploma ile sikupewa na mjomba wala shangazi. Mchana nilibeba matofali, jioni nilisoma, nikajisomesha mpaka mwisho. Ipo ukutani pale, na mpaka leo naipangusa vumbi kwa mkono wangu.

Vita vya makabila vilikuwa vimetulia, ingawa watu walilala na mabegi yao yamefungwa. Baba mdogo, ndugu wa baba yangu, alikuwa na duka hili la kukodisha video, na pia alirekodi sherehe za watu wa mtaa. Zamani watu walipanga mstari hapa kila Jumamosi. Niliporudi, vijana walikuwa wamehamia kwenye diski, na rafu zilikuwa zimejaa vumbi. Alinikabidhi ufunguo akisema, "Weye uko na masomo. Angalia kama hii duka itapona."

Nami nilijiona najua kila kitu. Kwenye rafu ya nyuma nilikuta kaseti nyingi zisizoandikwa jina, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Huko nilikosoma, kitu kisicho na jina kilihesabiwa kuwa kitupu. Bila kumuuliza mtu nilichukua kadhaa, nikarekodi filamu mpya juu yake.

Asubuhi ile akaja Mama Asifiwe, muuza samaki wa mtaa wetu. Binti yake alikuwa anaolewa, naye hajawahi kuona sura ya bibi yake, kwa sababu bibi alifia njiani wakikimbia vita, na picha zote ziliungua na nyumba.

"Nipe kaseti ya ndoa yangu," akasema. "Ile ya uzi ya kijani. Mama yangu iko mule."

Niliipata. Uzi wa kijani ulikuwa bado umefungwa, na kando yake karatasi niliyoandika jina la filamu kwa mwandiko wangu mzuri.

Baba mdogo aliitazama karatasi ile. Hakupaza sauti.

"Unajua sababu gani hazina jina?"

"Labda hukuwa na kalamu," nikamjibu.

"Kalamu ilikuwako. Siku zile, jina tu ilionyesha mutu iko wa kabila gani. Wauaji wangeingia humu, wangesoma, wangejua nyumba ya kwenda kuchoma. Siye tuliobaki tulificha majina ya watu. Weye ulikuwa Kampala."

Niliibandua karatasi ile, mwanangu. Mimi, mwenye diploma.

Mama Asifiwe hakulia. "Weka tu, tuone," akasema. Tukaitazama filamu yangu yote sisi watatu, watu wakipigana ngumi. Ilipokwisha, picha ikatetemeka, kisha ikatokea sehemu ya mwisho ya sherehe ambayo filamu haikuifikia. Viti vinakunjwa. Mwanamke mmoja ameinama uani, anasugua sufuria, ametugeuzia mgongo. Dakika chache tu, kaseti ikaisha. Hakugeuka.

"Iko mama," Mama Asifiwe akasema polepole. "Ile ni mugongo yake. Rudisha."

Nikarudisha, na nikarudisha tena, mpaka jua likawa utosini.

Dakika zile nilizihamisha kwenye diski, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana ambayo diploma yangu ilifanya. Watu waliposikia, wakaanza kuleta kaseti walizokuwa wamezificha darini: harusi, ubatizo, matanga. Maduka mengine ya video ya mtaa huu yamefungwa. Langu liko wazi, na sioni aibu kujisifu. Lakini kati ya kaseti nilizozifuta, ziko ambazo hazikuacha hata mgongo. Wenye kaseti hizo nasalimiana nao sokoni mpaka leo.

Basi nisikilize. Ukirudi nyumbani na elimu yako, rudi nayo kwa fahari, umeitolea jasho. Ila kabla hujafuta kitu usichokielewa, muulize aliyebaki hapa wakati weye hukuwapo. Muulize kwa adabu, na umsubiri amalize kusema.

Mungu akujalie kazi ya mikono yako idumu. Na siku utakapowatafuta wazazi wako kwenye picha za zamani, uwakute wamegeuka, wanakutazama.