Mjane wa Dereva wa Katapila

Watu walidhani amerukwa na akili. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, fundi viatu mwenye kibanda na wateja wake, aache soli za watu akashinde kwenye machimbo ya mawe akikwangua kutu kwenye katapila lililokufa miaka ishirini iliyopita! Mti ulikuwa umeota katikati ya minyororo yake. Meneja mpya wa machimbo alitaka nafasi, akatangaza kwamba mwenye ubavu wa kuliondoa alichukue bure. Wauza vyuma chakavu walipokuwa bado wanabishana, Mama Soli, kama walivyomwita, alishafika na panga na kuukata ule mti.

Hakulitaka katapila. Alimtaka shemeji yake.

Mumewe ndiye aliyekuwa dereva wa mashine ile. Siku ilipozimika, wa kwanza kufika alikuwa shemeji, mdogo wa mumewe na fundi mkuu wa machimbo, na ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba ndani hamna oili hata tone. Dereva ameendesha kavu kwa uzembe, alisema, injini imekwisha, haifai hata kufunguliwa. Dereva akafukuzwa. Miaka kumi na mmoja alikaa kibandani kwa mkewe akipaka soli gundi na kurudia neno lilelile: "Oili niliweka." Wiki aliyokufa alimuuliza mkewe, "Wewe je, unaniamini?" Alijibu ndiyo, lakini alichelewa kidogo. Kuchelewa kule ndiko kulikomtafuna. Na msibani shemeji akasimama mbele ya watu, akasema kaka yake alikuwa mtu mwema, ila kazini alikuwa mzembe. Hapo Mama Soli aliapa moyoni, na kiapo cha mtu mpole ni kibaya kuliko cha mgomvi.

Kwa kazi yenyewe Mama Soli alimchukua kaka yake mwenyewe, fundi wa malori, mtu wa maneno mengi na grisi nyingi zaidi.

"Dada, hili ni la kuzika, si la kutibu."

"Wewe fungua tu. Nataka kujua lilikufa na nini."

Pistoni zilikuwa zimegandana na silinda. Walizimiminia dizeli, wakaziacha zinywe majuma matatu, kisha wakaja kuzigonga kwa gogo, taratibu, hadi zikasogea. Pini za minyororo waliziwashia moto moja baada ya nyingine. Mama Soli, aliyezoea ngozi laini, alichubuka vidole vyote. Kila alipotaka kukata tamaa alikumbuka yale maneno ya msibani, akaokota spana. Hasira huwachosha wengine, yeye ilimlisha.

Mwezi wa tatu wakafika kwenye pampu ya oili. Kati ya pampu na injini hukaa gasketi, kipande chembamba cha kuzuia mvujo, nayo machimboni walikuwa wakiikata wenyewe kwa kadibodi: unaitandika juu ya chuma, unagonga kingo kwa nyundo mpaka ijikate, halafu unatoboa matundu ya bolti na lile la katikati la kupitisha oili. Kaka yake aliibandua kwa wembe, akaigeuza mara mbili, akaiinua kwenye mwanga.

"Ya bolti yapo manne," alisema. "La oili halikutobolewa."

"Maana yake?"

"Maana yake hata ungemwaga pipa zima, isingepanda juu. Pampu hii aliifunga nani?"

"Shemeji. Siku moja kabla."

Mama Soli alikaa juu ya mawe akalia kwa sauti, bila kuficha uso. Alipomaliza alijipangusa kwa kitambaa chenye dizeli, akasema, "Sasa tulimalize. Nataka liwake yeye akiwa anaangalia."

Krenki, ule mhimili wa injini, ikapelekwa kukerezwa, beringi zikabadilishwa, na Jumamosi moja alasiri akawaalika wafanyakazi wote wa zamani. Shemeji alikuja na koti lililopigwa pasi, akakaa mbele. Injini ilikohoa moshi mweusi, ikasita, ikashika. Watu walipiga makofi. Mama Soli aliiacha ingurume, akashuka na kumkabidhi shemeji ile kadibodi.

"Wewe ni fundi, shemeji. Hebu waeleze hawa, hapa oili ingepita wapi?"

Aliishika kama mtu aliyepewa barua ya mahakama.

"Niliitwa nikiwa katikati ya kuikata, niliporudi nikaifunga hivyo hivyo. Niliposikia limezimika nikakumbuka. Nikawahi kufika, nikafungua bolti ya chini, nikaimwaga oili yote."

"Sema kwa nguvu. Injini inapiga kelele."

Akasema tena, kwa nguvu, mbele ya kila aliyewahi kumcheka mumewe. Kwa Mama Soli ilikuwa tamu. Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina ladha. Alitamani aseme mara ya tatu.

Kisha shemeji, naye sasa mzee, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nisamehe, shemeji. Nimezeeka na jambo hili. Nisamehe."

Mama Soli alimtazama. Alikuwa na maneno aliyoyanoa kwa miaka tisa, makali, ya kumwacha mtu uchi. Hakuna hata moja lililokuja.

"Wa kukusamehe tulishamzika," alisema. "Hata mimi namtafuta anisamehe."