Orodha ya Bi Kola

Mtu akianza kukusifia kabla hujaketi, shika mfuko wako. Ndivyo nilivyomwambia dada yangu siku mratibu mpya wa mafunzo alipoingia karakana yetu ya ushonaji, meno yote nje, akamwomba aandike malengo ya kozi yake. Wanafunzi humwita dada Bi Kola kwa jinsi anavyowakomalia kwenye kola. Amefundisha miaka ishirini na miwili bila karatasi, na mimi ndiye mpiga pasi wa hapo hapo. Nikamwonya: wakishayapata maandishi, kiti chako watampa mwingine.

Kwa hiyo akaniandikisha kwa hila. Mwanafunzi ataielewa kola. Mwanafunzi ataijua suruali. Mratibu akairudisha karatasi. Kuelewa hakuonekani, alisema. Aandike kitu ambacho hata mgeni akisimama mlangoni atamwona mwanafunzi anakifanya, kwa muda gani, na kosa kiasi gani linasameheka. Nikazidi kushuku. Mgeni gani tena huyo wa mlangoni?

Dada akapandwa na hasira, akaamua kutaja mambo magumu makusudi, asipatikane wa kumrithi. Ataweza kuweka kola kwa dakika ishirini, ncha zote mbili zikilingana. Ataweza kutia zipu bila pini. Yeye alisema, mimi nikaandika, eti nina mwandiko mzuri. Mimi, mtu wa pasi! Yakafika kumi na nane.

Mratibu alisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kisha kikarudi juu. Nikasema moyoni, haya, yametufika.

"Mwalimu, hapa mwanafunzi anaanza kushona," akasema. "Uzi kwenye sindano katia nani?"

Nami niliyemchunga mratibu wiki nzima kama mwizi, nikamgeukia dada yangu. Nikakumbuka anavyomwita mwanafunzi kila asubuhi: hebu nitilie uzi, tuone kama umejifunza. Kila asubuhi, mpaka wale wa mwaka wa mwisho. Nilidhani ni ukali tu wa ualimu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Tangu lini?" nilimuuliza mimi, wala si mratibu.

"Mwaka wa pili huu. Sindano moja naiona mbili."

Iliniuma. Tunalala nyumba moja, na mimi sikujua. Mratibu alimsogezea kalamu tu. Safari hii dada aliandika mwenyewe, juu kabisa ya orodha, herufi kubwa zikipanda na kushuka: Mwanafunzi ataweza kutia uzi kwenye sindano. Akaongeza: na hatauliza kwa nini mwalimu hatii uzi mwenyewe.

Mratibu akaisoma mara mbili.

"Hili la kutouliza siwezi kulipima," akasema.

Lakini hakulifuta. Akatia sahihi chini, na penye nafasi ya mwalimu jina la dada likabaki palepale.