Niliandika family size 9 kwenye fomu ya research ya ng'ambo, nusura nipoteze nafasi

Wakuu, salamu kwenu. Nimesoma nyuzi za watu hapa kimya kimya muda mrefu, leo acha nami niweke yangu. Sitaongeza chumvi. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni binti wa Kikongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, tangu darasa la pili. Diploma ya mambo ya maji nilisomea Lodwar.

Mwaka jana nikapata nafasi kwenye programu ya research, chuo kimoja ng'ambo. Kazi ni kupima chumvi kwenye maji ya visima. Nafasi ilikuwa moja tu, na nyuma yangu kulikuwa na watu kwenye waiting list.

Wakanitumia kitabu cha majukumu ya mwanafunzi. Kila sentensi inaanza na "ni jukumu la mwanafunzi". Kujitafutia nyumba na bima. Kujaza daftari la maabara kila siku. Kumwambia supervisor ukiugua. Kutomwaga kitu kwenye sinki bila kuuliza.

Nilikisoma mara mbili, hadi sehemu ya sinki. Nikajiona niko sawa.

Halafu ikaja fomu. Swali moja lilisema: watu wa familia watakaosafiri nawe, wangapi?

Nikaandika 9.

Wakuu, Kiingereza nilikielewa vizuri kabisa. Ila mtu aliyekulia Kakuma akiona neno familia kwenye fomu, mkono unaandika wenyewe. Size ya kadi ya chakula, yaani idadi ya watu wanaopewa mgao, tunaijua kabla ya kujua birthday zetu. Ukiandika pungufu, kuna mtu umemnyima. Sisi tuko tisa, mimi nikiwemo. Kwa hiyo hata hesabu nilikosea, nilijileta mwenyewe kama mtu wa kuandamana nami.

Baada ya siku tatu barua pepe ikaingia. Mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi anasema wamefurahi sana kunikaribisha pamoja na jamaa zangu tisa. Ni jukumu la mwanafunzi kuonyesha uthibitisho wa nyumba na bima kwa kila mmoja wao, kabla ya Ijumaa. La sivyo nafasi inaenda kwa anayefuata.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikajibu nimekosea, naja peke yangu. Wakasema sawa, lakini nilete barua iliyosainiwa na mwalimu aliyenipendekeza. Mwalimu yuko Lodwar. Na mkimbizi hatoki Kakuma bila movement pass, kibali cha kutoka kambini. Nikaipata Jumatano mchana, Alhamisi asubuhi nikawa mlangoni kwa Mwalimu Ekai.

Akanisalimia kwa Kiturkana, ejok, akasoma barua pepe yote, akanywa chai kwanza.

"Unaenda kupima maji," akasema, "au unahamisha mtaa?"

Akasaini. Tukaiscan, ikaenda. Ijumaa, nikiwa bado kwa Mwalimu, wakajibu kwamba nafasi ni yangu. Nililia kidogo, Mwalimu akajifanya anatafuta kalamu.

Nilidhani imeisha.

Kumbe kubaki kwenye kadi ukiwa umeondoka ni kosa, na chuo nacho kilitaka karatasi kwamba nimeaga rasmi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kwenye kadi, yaani mama yangu, lazima aende dirishani, kwenye ofisi ya mgao, anitoe.

Hapa niwaambie kitu. Sisi zamani tulikuwa kumi. Baba alipofariki, mama alikaa wiki nyingi bila kwenda kusema. Majirani walidhani anang'ang'ania mgao wa marehemu. Mimi najua alikuwa hawezi kulitamka mbele ya karani.

Nikamwambia jioni tukila. Asubuhi nikamkuta amevaa kitenge cha kanisani, kadi iko mkononi.

Dirishani karani akauliza sababu ya kumpunguza mtu. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na sababu tatu tu: amefariki, ameolewa, amehama.

Mama akasema, "Huyu hakufa. Andika anaenda kusoma."

Karani akamweleza kwa upole kwamba hiyo haipo kwenye orodha, achague amehama.

"Miye nitangoja," mama akasema, akabaki amesimama pale pale. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, na hakuna aliyemsukuma.

Mwishowe karani akabonyeza amehama, akachukua kalamu, akaandika pembeni ya karatasi: anaenda kusoma. Akagonga muhuri juu yake. Mama akaomba asomewe mara mbili. Ndipo akasema, "Sawa. Weka nane."

Funzo langu: kitabu cha majukumu kisome, lakini fomu isome polepole zaidi, hasa kama maisha yako yote umejaza fomu za aina moja. Na ukikosea, sema mapema, usijifiche.

Sasa niko huku. Kwenye sinki sijamwaga kitu. Wiki ya kwanza hosteli walileta fomu, wakauliza tuko wangapi chumbani. Niliandika 1, nikaiangalia muda mrefu kabla ya kuirudisha.

Mliotoka nyumba za watu wengi, nanyi mliandika ngapi?