Kiti cha Mbele cha Gari la Milango Miwili

Nyanzala hakuwa mtu wa kelele. Ukimkosea alikutazama, akakaza kilemba chake, akaendelea na shughuli, nawe ukaenda zako ukidhani yamekwisha. Yamekwisha wapi! Kuna bwana mmoja wa Makanyagio aliwahi kusema mbele ya watu kwamba maziwa ya Nyanzala yametiwa maji. Hiyo ilikuwa mwaka wa themanini na saba. Kufika tisini na sita bwana yule alikuwa hajapata hata tone kutoka zizi lile, si la chai, si la mgonjwa. Mkewe alipojaribu kununua kwa siri kwa kuweka sufuria yake mlangoni kwa jirani, Nyanzala aliigeuza sufuria, akaitambua kwa kishikio, akairudisha tupu.

Maziwa hayo ndiyo yaliyomjengea jina. Yeye na mumewe, Nyanda, walikuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakapata mahali Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Mume akachunga, mke akawa anapeleka maziwa mjini kwa baiskeli kila asubuhi. Alikuwa na kopo lake la bati la lita moja, na alilijaza mpaka maziwa yakataka kumwagika ukingoni. Wanawake wa mjini waliacha sufuria mlangoni wakaendelea kufua, hakuna aliyehakiki. Mtu akitaka kusema jambo fulani ni kamili, alisema hicho ni kipimo cha Mama Kashinje, maana ndivyo walivyomwita.

Sasa huyo ndiye mtu ambaye Scola alimchezea.

Scola alikuwa mke wa pili wa Nyanda, mwenyeji wa Makanyagio, zamani akiuza chai karibu na stesheni, mwenye sauti tamu ya kuita wateja. Tuseme ukweli, Nyanzala hakumchukia kwa kuolewa. Alimpokea mwenyewe, akamwonyesha chumvi inapokaa na ng'ombe gani anapiga teke. Walikaa miaka minne bila neno. Kilichoharibu ni siku moja tu, siku ya harusi ya Kashinje, binti wa kwanza wa Nyanzala, aliyeolewa Kawajense na kijana aitwaye Melkior.

Wakati huo Nyanda alikuwa na pikapu kuukuu ambayo mbele ilikaa dereva na mtu mmoja. Nyanzala alikuwa ameshavaa, amejipaka mafuta, ameshika mlango. Scola akaweka mkono tumboni. "Dada, nina kichefuchefu. Nikikaa nyuma nitatapika." Nyanda akatabasamu kwa matumaini, na Nyanzala, kwa huruma yake ya kijinga, akapanda nyuma juu ya magunia ya mchele. Ilikuwa Agosti. Kufika Kawajense alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi kucha. Wakwe, ambao posa waliimaliza na wanaume na mama hawakuwahi kumwona, walikuwa wamejipanga. Wakamwona mwanamke nadhifu anashuka mbele, wakamkimbilia kwa vigelegele, wakamfunga kiunoni kitenge walichomwandalia mama mzazi wa bibi harusi. Scola hakusema neno. Alicheza! Na yule aliyekuwa anahangaika kushuka kwenye magunia akaulizwa kama yeye ndiye mpishi.

Alipomlalamikia Nyanda, Nyanda alicheka. "Si wote ni mama zake? Ulitaka nisimamishe ngoma?"

Na ile mimba? Mimba gani! Mwezi, miezi miwili, mitano, tumbo bapa kama sinia. Kitenge sasa, hicho Scola alikivaa kila Jumapili, na kila Jumapili Nyanzala alikitazama, akakaza kilemba.

Mwaka wa tisini na sita Nyanda aliiuza pikapu. Ilikunywa petroli kama ng'ombe waliotoka safari, na petroli ya Mpanda ilikuwa inaletwa na treni. Treni ikichelewa, watu walipanga foleni na madumu yao mpaka wakajuana majina. Mizigo, akasema Nyanda, itabebwa na tela la ng'ombe. Yeye alitaka kigari kidogo cha familia, cha kwenda hospitali na kanisani, kisichojua kiu. Akaenda kwa Method, fundi wa Makanyagio, ambaye uani kwake palikuwa na magari matatu ya kuuzwa: Corolla ya kijani, Charade nyeupe na Starlet nyekundu. Akamchukua Nyanzala waende wote, maana vitu vya kupima aliviachia macho ya mke mkubwa.

Nyanda na Method walizungumza injini. Nyanzala aliyazunguka magari kimya, mikono nyuma. Alipofika kwenye Starlet alisimama. Akaenda upande wa pili, akarudi.

"Fundi, hii mbona ina milango miwili tu? Watu wa nyuma wanapita wapi?"

Method akafungua mlango, akavuta kijichuma, kiti cha mbele kikalala. "Wanapita hapa, mama. Aliyekaa mbele anashuka kwanza, analaza kiti, ndiyo wa nyuma anatoka."

"Na kama wa mbele hataki kushuka?"

"Basi wa nyuma atakaa humo humo," Method akasema, akacheka.

Nyanzala hakucheka. Moyo wake ulikuwa umeruka. Alimwona Scola humo nyuma, na kitenge chake, magoti yamegusa kidevu, anabembeleza: dada, naomba nishuke. Akajiona mwenyewe anashuka mbele, pale pale Kawajense, taratibu, anasalimiana na wakwe mmoja mmoja, anauliza habari za mashamba, anauliza habari za mvua, na yule kiumbe yuko ndani ya kioo anangoja. Miaka miwili alikuwa akitafuta namna ya kumtia adabu, na kumbe namna yenyewe inauzwa kwa Method.

Ila Nyanda aliipenda Charade. Ilikuwa na milango minne, na Method akamwambia injini yake ni silinda tatu, hakuna gari la kuishinda kwa ubahili wa mafuta. "Tuyapime, mzee," akasema. "Kila gari lita moja. Nachomoa mpira wa mafuta kwenye tangi, nauchomeka kwenye chupa, tunaendesha barabara ya Sitalike mpaka lizime. Kilometa hazidanganyi."

"Kipimo atajaza Mama Kashinje," Nyanda akasema kwa majivuno. Kopo lilikuwa kwenye baiskeli.

Corolla ilijaziwa lita kamili, ikaenda kilometa kumi na moja. Starlet ilijaziwa lita kamili, mpaka ukingoni, ikaenda kumi na tano. Wanaume walipokuwa wameinamia boneti ya Charade, Nyanzala alijaza kopo, akatazama migongo yao, akainamisha mkono. Petroli ikamiminika kwenye kichuguu kilichokuwa miguuni pake, ikamezwa yote bila kuacha alama. Kisha akamimina iliyobaki kwenye chupa, na chupa ilikuwa ya kahawia, nani angeona? Miaka kumi hajawahi kumpunja mtu hata kijiko. Aliona aibu, ndiyo, masikio yalimwaka moto. Lakini aibu ile mbele ya chuki yake ilikuwa kitu kidogo sana.

Charade ilirudi na kilometa kumi na tatu.

Method akakuna kichwa. "Ajabu hii, mzee. Silinda tatu! Tupime tena?"

Nyanda akafikiri. Nyanzala akaona mdomo wake unafunguka kukubali, akamwahi fundi. "Kwani umeona nimepima vibaya?"

Method akainamisha macho. Nani Mpanda angemwambia mwanamke huyu neno hilo? Hata yule bwana wa maziwa asingerudia. "Hapana, mama. Samahani."

Jioni ile Starlet nyekundu ilikuwa Mwamkulu, na Nyanzala alikuwa anaisifia kwa kila aliyepita. Inakunywa kidogo. Ni nyepesi. Mafundi wake wapo. Nyanda alishangaa, maana hakuwahi kumsikia mkewe akisifia hata ndama.

Wiki tatu hakuipanda. Scola alipelekwa sokoni, alipelekwa kwa mama yake Makanyagio. Nyanzala aliendelea na baiskeli. Alisema tumbo, alisema ng'ombe anakaribia kuzaa. Alikuwa anaitunza safari yake ya kwanza kama mtu anavyotunza nguo mpya. Kashinje alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Jumapili ya mwisho ya mwezi familia nzima ilitakiwa kwenda Kawajense kumwona. Hapo ndipo kila kitu kingelipwa.

Jumapili ikafika. Nyanzala akavaa gauni jipya, akafunga kilemba mara mbili kukipata sawasawa. Alipotoka, Scola alikuwa amesimama kando ya gari na kile kitenge. Mlango ulikuwa wazi, kiti cha mbele kimelazwa.

"Karibu dada, pita," Scola akasema.

"Pita wapi?"

"Nyuma, dada. Hapa mbele ni mateso. Mimi nimekaa wiki tatu, nimekoma. Kila mtu akitaka kushuka, wa mbele ndiye anaamka, analaza kiti, anashika mlango. Na goti lako lile alilolikanyaga dume la ng'ombe? Hapana. Wewe ni mkubwa wetu, kaa nyuma utulie. Kazi ya utingo niachie mimi mdogo wako."

Ilisemwa kwa sauti ile tamu ya stesheni, na Nyanzala aliitafuta dhihaka ndani yake asiipate, jambo lililomuumiza zaidi. Akamgeukia mumewe. Nyanda alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapo Scola amesema. Watu wataniona mimi mume gani, mke mkubwa anainuka inuka kama kondakta? Pita, Mama Kashinje. Gari ulilichagua mwenyewe."

Angesema nini? Kwamba alitaka mbele? Angeulizwa kwa nini. Akainama, akapita, akaketi na kuku wawili, kibuyu cha maziwa na mfuko wa mchele. Kiti kikainuka mbele yake, kikafunga. Njia nzima aliangalia kisogo cha Scola. Hata angetaka kutema mate nje asingeweza, kwa sababu vioo vya nyuma vya gari lile havikushuka.

Kawajense wakwe walikuwa uani. Nyanda akashuka, akavamiwa na wanaume. Scola akashuka, na kabla hajagusa kiti mama yake Melkior alikuwa ameshamkumbatia, na mwingine, na mwingine, wakamvuta hatua mbili, hatua tatu. Mlango ukajifunga wenyewe. Nyanzala akabaki ndani. Aligonga kioo. Ngoma ilikuwa inapigwa, nani angesikia? Jasho likaanza kumtoka chini ya kilemba. Alimwona Scola anacheka, anageuka kulitazama gari, anavutwa tena, na hasira ya miaka miwili ikampanda yote kwa mara moja.

Akapita katikati ya viti. Mama wa miaka arobaini na nane, na gauni lake jipya, alipanda juu ya kuku, akapiga kibuyu teke, maziwa yakamwagikia mchele, goti likagonga gia, mpaka akatua kwenye kiti cha dereva. Akaweka viganja vyote viwili kwenye honi. Hakuondoa. Ngoma ikanyamaza, mbwa wakanyamaza, na honi ilikuwa bado inalia. Kisha akafungua mlango wa dereva, akashuka.

"Nyie!" alipaza sauti. "Mama yake Kashinje ni mimi! Mimi ndiye niliyemzaa! Huyu mliyemvika kitenge ni muuza chai wa stesheni, na mimba yake ya kichefuchefu mpaka leo haijazaliwa!"

 Scola alisimama na mikono yake miwili imening'inia, na midomo ikaanza kumtetemeka mbele ya watu wote. Nyanzala aliona, na kwa muda kidogo roho yake ikasuuzika kweli kweli, kuliko alivyowahi kuota.

Halafu Kashinje akatoka ndani. Alikuwa amembeba mtoto, ambaye alikuwa analia kwa kushtushwa na honi. Alimtazama mama yake, kilemba kimekwenda upande, maziwa yanachuruzika kwenye gauni. Akamsogelea, akasema polepole ili wengine wasisikie, lakini walisikia.

"Mama, hapa wanakujua. Niliwaambia siku ile ile ya harusi. Mama mkwe alilia kwa aibu, alitaka kuja Mwamkulu kukuomba radhi. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia mama yangu ana roho kubwa, ameshasahau." Akambembeleza mtoto kidogo. "Mimi ndiye ninayeishi hapa, mama. Sasa nitawaambia nini?"

Nyanzala alijifuta maziwa kwenye gauni. Alipewa mjukuu akampakata, wakala, wakaagana, na kila mtu alimwita mama kwa heshima kubwa mno, heshima ya kumwogopa.

Wakati wa kurudi Nyanda alimfungulia mlango wa mbele. Scola alikuwa ameshapita nyuma. Hicho hapo, kiti cha mbele, na kioo kinachoshuka, na upepo.  Walipokuwa wanapita Makanyagio, sauti ndogo, iliyokauka, ikasema, "Dada, naomba nishuke. Nitalala kwa mama."

Nyanda akasimamisha gari. Nyanzala akashuka, goti likimuuma, akageuka na kuushika mlango. Scola alikuwa amejikunja nyuma ya kiti, anangoja, macho chini. Ndivyo hasa alivyokuwa amemwona siku ile kwa Method.

"Subiri," Nyanzala akasema.

Akakaza kilemba. Akakifungua, akakifunga upya, taratibu, kama alivyokuwa amepanga. Fundo lilimkataa mara mbili. Scola alisubiri, hakulalamika. Nyanzala akaacha kilemba kilivyo, akavuta kile kijichuma, akalaza kiti, akampa mkono amsaidie kushuka. Scola alishuka mwenyewe, bila kuushika.