Betri za Baba

Asubuhi ile baba alikuwa anashona kaptula za shule. Mimi nachomoa nyuzi na kumpangia duka letu la baadaye, lenye kioo mbele na sanamu iliyovaa gauni.

"Na hiyo sanamu ndiyo itanipikia?" baba akauliza.

Tulicheka. Ilikuwa miaka ya tisini, katika mji wetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mchana majirani walianza kufunga mizigo. Waasi wamekaribia, walisema. Shangazi akaja, ametupatia nafasi kwenye mashua.

Baba alikuwa ameanika betri za redio juani, maana zilikuwa zimechoka. "Rais anahutubia jioni. Tumsikie kwanza."

Rais alisema jeshi limejipanga, kila mtu abaki nyumbani kwake.

"Umesikia, dada?" baba akamwambia shangazi. "Mtu mkubwa vile hawezi kuropoka. Mtangulie na mtoto. Mimi nalinda cherehani."

Akanipa redio, nisichoke njiani.

Mizinga ilianza tukiwa majini.

Shangazi alinikandamiza kichwa mapajani pake.

Sikuona chochote.

Tuliishia Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, kwa shemeji yake shangazi. Habari zilitufikia huko kupitia jirani yetu wa zamani: baba alizikwa nyuma ya kibanda chake cha kushonea.

Mpunga ulipoanza kuzaa nilipelekwa bondeni kuamia ndege, kuwafukuza wasiule. Kutwa niko juu ya dungu, kichanja cha mlinzi, peke yangu, napiga debe, nashona magauni kichwani. Betri nilizianika kando yangu, kama baba.

Siku moja redio ikatangaza kwamba Rais wetu ameikimbia nchi kwa ndege.

Mama Kalisti, wa shamba la pili, alisikia. "We binti, mzee wenu katimka! Hufurahi?"

"Sijui, mama."

"Kashindwa vita huyo."

Kushindwa vita hata leo simlaumu sana, wengi hushindwa. Ila alijua jeshi lake halitaweza, na neno "ondokeni" lilikuwa mdomoni mwake. Baba angelitii kama alivyotii lile jingine. Angebeba cherehani kichwani, tungegombana njia nzima juu ya ile sanamu.

"Mama, yeye hakubaki kwake," nikasema.

Ndege walitua kwenye mpunga wangu, Mama Kalisti akanipigia debe yeye.

Jioni nilizitoa betri redioni. Kesho yake kulikuwa na jua kali. Sikuzianika.