Moyo wa Mama wa Chini

Nilikwenda nyumbani kwa sababu kaka yangu Ambokile alipiga simu akasema, "Sekela, mama anaumwa moyo. Hali chakula, amekonda. Njoo." Ninyi wenzangu wa uuguzi mlikuwepo bwenini, mliniona nilivyokaa chini. Mtihani wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula ulikuwa wiki iliyofuata, lakini nani akumbuke utumbo wakati mama yake anaumwa moyo? Nikaomba ruhusa kwa Madamu, mwalimu wetu. Nikabeba daftari la somo la moyo, la tumbo nikaliacha kitandani.

Alfajiri, hapa hapa Tunduma. Malori yalikuwa yamejipanga kungoja mpaka wa Zambia ufunguliwe, na wauza chapati wanawaita madereva, nusu Kiswahili nusu Kibemba. Sikununua kitu. Nilikuwa na hamu ya chakula kimoja tu: ugali wa mama na maharage mabichi, tunakula sahani moja, naye anasukuma maharage upande wangu akidhani simwoni. Hapa chuoni nashiba, sisemi uongo, lakini kushiba wali wa bwenini si kushiba nyumbani.

Kituo cha Mpemba nikapata Noah ya abiria ya kwenda Ileje. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akauliza ninakokwenda. Nikamwambia nakwenda Ibaba, kwetu, mama yangu anaumwa moyo. "Pole, mwanangu," akasema. "Moyo hauna mchezo." Njia nzima mpaka Isongole nikawa narudia kichwani: vyumba vinne, vali, damu inaingia, damu inatoka. Ng'ambo ya mto ilionekana Malawi, na safari hii sikuitazama.

Itumba nikapanda bodaboda. Kuanzia hapo ni kupanda milima tu, na baridi ile ya kwetu ikaanza kunigusa masikio. Ukungu ulikuwa haujatoka kwenye mashamba ya viazi. Kila kona niliijua, na kila kona niliogopa kukuta watu wamekusanyika nyumbani.

Ibaba, saa za mchana. Hapakuwa na watu. Mama alikuwa jikoni, ameegemea ukuta karibu na moto, gauni limekuwa kubwa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja. Ugali uko tayari, kaa ule."

Amini usiamini, mgonjwa alikuwa ameamka kunipikia. Maharage mabichi, kama nilivyoota. Nikanawa, nikangoja anawe na yeye. Hakunawa.

"Kula tu. Mimi nimeshiba," akasema.

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Nilisafiri na njaa ya kula naye, sasa sahani ilikuwa yangu peke yangu. Nikaisogeza pembeni, nikamshika mkono kupima mapigo. Yalikuwa ya haraka kidogo, lakini yamepangika vizuri.

"Mama, nionyeshe kwa mkono. Moyo unauma wapi?"

Akaweka kiganja chini ya mbavu, juu ya kitovu. "Si hapa? Kwenye chembe ya moyo. Unachoma. Nikiwa na njaa unachoma zaidi, nikinywa uji unapoa, halafu unarudi. Na asubuhi moyo unachafuka, nataka kutapika."

Nikamtazama Ambokile, aliyekuwa amesimama mlangoni. Jamani, mimi ni mtoto wa hapa hapa. Tangu utoto nasikia moyo unachafuka, chembe ya moyo inakata, na najua wanasema tumbo. Ila neno lilipokuja kwa simu likanikuta nimevaa sare ya chuo, nikalisikia kama la kitabuni.

"Unatumia dawa gani?"

"Zile za magoti, za dukani. Nameza asubuhi kabla ya kwenda shamba."

"Bila kula?"

"Nani anakula alfajiri?"

"Na choo kikoje?"

Akacheka kwa taabu. "Nimekutawaza mimi, leo unaniuliza choo. Haya. Cheusi, kama masizi ya chungu, halafu kinanata."

Nikasimama. Choo cha namna hiyo ni damu, na mama alikuwa akiipoteza kidogo kidogo huku sisi tukihangaikia moyo. Ambokile alikimbia barabarani, akapata gari lililokuwa linapeleka viazi Itumba. Tukaondoka muda ule ule, ugali umebaki mezani.

Njiani mama alikaa kati yangu na dereva, akataka nimweleze tumbo linavyofanya kazi. Nikamweleza. Ugali ukiingia mdomoni, meno yanasaga na mate yanaanza kuuvunja, ndiyo maana ukitafuna sana unakuwa mtamu. Ukimeza, unashuka kwenye umio, bomba la misuli linalosukuma lenyewe. Bomba hilo linapita nyuma ya moyo, ndiyo maana kiungulia kikichoma kifuani watu wanausingizia moyo. Halafu tumboni, ambako kuna tindikali kali ya kuua vijidudu na kuanza kuvunja maharage na nyama.

"Mbona tumbo lenyewe haliungui?" akauliza.

"Limepakwa ute ndani."

"Kama tunavyosiriba ukuta."

"Hivyo hivyo. Dawa za magoti zinabandua huo udongo, tindikali inakula ukuta."

Nikaendelea. Utumbo mwembamba unapokea nyongo iliyotengenezwa na ini, ya kuvunja mafuta, na maji ya kongosho ya kumalizia kazi. Hapo ndipo chakula kinapoingia kwenye damu. Utumbo mpana unanyonya maji, kinachobaki ni choo. Damu ikivuja huku juu, inasafiri njia yote hiyo na kutoka nyeusi.

"Kumbe ugali una safari ndefu kuliko yako," mama akasema, na dereva akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Hospitali ya Itumba, jioni. Muuguzi wa zamu, mwenyeji wa milima ile, alimsikia mama akisema moyo, wala hakushtuka. "Moyo wa juu au wa chini, mama?"

"Wa chini."

Swali moja tu, likatosha. Walimlaza, wakamwekea maji na damu. Baada ya vipimo daktari akatuita. "Kidonda cha tumbo, na kimevuja. Moyo wake mzima. Mngengoja zaidi, tungekuwa tunaongea mengine." Dawa za magoti zikapigwa marufuku.

Jumapili niliondoka. Mama alikuwa anaruhusiwa uji mwepesi, akausukuma upande wangu. Nikaurudisha. Tukasukumana kikombe mpaka wagonjwa wa jirani wakacheka. Ugali wake nilikuwa sijauonja, na hamu niliyotoka nayo Tunduma nikarudi nayo vile vile.

Tunduma tena. Mtihani niliufanya, mnajua. Lakini nililojifunza halikuulizwa: mgonjwa wa kwetu akikuambia moyo, usiandike kitu. Mwambie aonyeshe kwa mkono, kisha uulize, wa juu au wa chini?

Jana nilimpigia mama, ameshatoka hospitali.

"Mama, moyo unaendeleaje?"

"Wa chini umetulia. Nimekula ugali, nimeumaliza." Kisha akaongeza, "Wa juu ndio unaniuma, Sekela, tangu ulipopanda gari."

"Hata wangu, mama," nikasema. "Hapo hapo."