Aliyeufungua Mlango wa Choo cha Watoto

Watoto wa shule ya awali humwita Mama Ndoo, naye huitika bila kinyongo. Ana miaka kumi na moja pale: anafagia madarasa, anapiga deki ukumbi, anasugua vyoo. Viganja vyake vimekauka kwa dawa za kusafishia, lakini mdomo wake haujakauka hata kidogo. Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu nao si haba, ila mbele yake naufyata.

Nilimjua vizuri kwa sababu ya binti yangu wa mwisho, Kidoti, wa miaka minne na nusu. Kidoti alianza kujichafua. Kila siku narudishiwa nguo kwenye mfuko wa nailoni, zina uchafu mwepesi, majimaji. Wenzake hawataki kukaa naye. Mtoto aliyekuwa anaimba toka kitandani mpaka mlangoni akanyamaza kabisa, akawa anasimama pembeni kabana miguu. Mimi kwa akili zangu nikasema anaharisha. Nikanunua dawa ya kuzuia kuharisha, nikampa siku tatu. Mungu anisamehe! Tumbo likazidi kujaa, na nguo zikazidi kuchafuka.

Mkuu wa shule akaniita. Barua ilikuwa imeshaandikwa: hali isipobadilika mpaka Ijumaa, mtoto akae nyumbani hadi "atakapokomaa". Kilichoniuma ni kwamba Kidoti alikuwa amesimama palepale, anasikia.

Natoka na machozi yangu, Mama Ndoo akanidaka mkono kwenye korido.

"We fundi, hebu njoo hapa. Nani kakwambia mtoto huyu anaharisha?"

"Si nguo zinaonyesha?"

"Nguo! Nani anazisuuza hizo nguo kabla hazijakufikia? Mimi. Na choo nasafisha mimi. Wiki iliyopita alitoa choo kigumu, kikubwa kuliko cha baba yako, kikaziba, nikahangaika nacho asubuhi nzima. Huyo mtoto kajaa. Cha zamani kimekwama, chepesi kinapenya pembeni, wala hasikii kikitoka. Sasa wewe unampa dawa ya kuzuia. Unazuia nini, dada?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza kajuaje.

"Wa kwangu wa pili alikuwa hivyohivyo. Nilimchapa mwaka mzima kabla nesi hajanifumbua macho. Mpeleke kliniki leo. Leo, siyo kesho!"

Kliniki, nesi akambonyeza Kidoti tumbo, kisha akanishikisha na mimi: mabonge magumu, upande wa kushoto chini. Ile dawa yangu akaipiga marufuku. Akaandika ya kulainisha choo, akasema itachukua miezi, nisije nikaikatisha nikiona nafuu. Maji, matunda, mboga. Akae chooni kila baada ya kula, miguu ikanyage kitu, isining'inie. Na asikaripiwe, maana hafanyi kusudi.

"Na shuleni anakwenda chooni saa ngapi?" akauliza.

Hapo ndipo damu iliponichemka. Shuleni choo cha watoto kilikuwa kinafungwa kwa kufuli asubuhi yote. Kinafunguliwa saa nne tu, dakika kumi, watoto arobaini! Eti kibaki safi, wageni wakija kuangalia shule wavutiwe. Mtoto akibanwa saa tatu, shauri yake. Kidoti wangu alibana na kubana mpaka mwili wake ukachoka kumwambia.

Ijumaa nikaingia ofisini na karatasi ya kliniki. Mkuu wa shule hakuisoma hata mstari mmoja. "Utaratibu ni utaratibu, mama," akasema, akanisogezea barua.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Ni Mama Ndoo, mikono bado imelowa.

"Ukimfukuza huyu mtoto, nifukuze na mimi, maana ufunguo ulikuwa kwangu. Watoto walikuwa wanagonga, nami nawaambia ngojeni. Kosa langu nimelikubali. La kwako liko wapi?"

"Unajisahau. Wewe ni mfagiaji."

"Ndiyo, mfagiaji! Na humu ndani nani mwingine anajua watoto wenu wanatoa nini? Wengine watano wanatoa vijiwe, nakujulisha. Mlango nimeufungua na haufungwi tena. Ukitaka kuufunga, njoo uniondoe mimi kwanza."

Akageuka, akaenda zake. Mkuu wa shule akanyakua barua yake akamfuata, nami nyuma yao. Tukamkuta Mama Ndoo ameketi kwenye kiti kidogo cha watoto, mbele ya mlango wa choo, kafunga mikono kifuani. Kidoti alikuwa ndani, ndiyo kwanza katoka kunywa uji, miguu juu ya kigoda ambacho Mama Ndoo alikitoa nyumbani kwake. Nikavuta kiti kingine, nikaketi ubavuni mwake. Kuondoka sikuwa naondoka.

Mkuu wa shule akanyoosha mkono juu ya vichwa vyetu, akaugonga mlango kwa nguvu. "Maliza upesi, utoke!"

Nikajua sasa mtoto wangu atalia. Halafu ikatoka sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa wiki nyingi, kali, ya mwenye nyumba:

"Mwalimu, usinigongee! Bado sijamaliza!"

Mkuu wa shule akashusha mkono. Barua akaikunja mara mbili, akarudi nayo ofisini.